Maji ya Moto Mpaka Chumbani kwa Mama

Machi 1

Mvua ya kwanza imenyesha leo alfajiri. Sina daftari jingine zaidi ya hili la vipimo vya wateja, kwa hiyo nimeligeuza nikaanzia nyuma. Mbele kuna viuno na mabega ya watu. Huku nyuma nitaandika ya nyumbani.

Ya nyumbani ni haya. Mwaka jana Mama alipooza upande wa kushoto. Mwaka huohuo ndoa yangu ilinishinda, nikarudi kwa wazazi na cherehani na mabegi mawili. Watu wakasema nimerudi kumsaidia Mama, nami nikawaachia waseme hivyo maana ilinipa heshima kidogo. Ukweli ni kwamba Mama ana msaidizi wake. Kila asubuhi Baba huvuka ua hadi bafuni, hukinga maji ya moto kwenye beseni, huvuka tena hadi chumbani, hufunga mlango na kumuogesha mkewe. Hataki mtu mwingine afanye hivyo, na Mama naye hataki. Nilijaribu siku moja. Mama alinitazama mpaka nikaweka sabuni chini nikatoka zangu.

Machi 3

Mvua. Koti la mwalimu wa kwaya nimelikosea mkono wa kulia. Nimefumua lote.

Machi 5

Mvua, na nguo za Mama hazikauki. Leo kajichafua mara tatu, kwa hiyo Baba kavuka ua na beseni mara tatu. Nilikuwa dukani kwangu, kwenye cherehani. Nimeyajua hayo kwa kuhesabu mashuka kwenye kamba, kwa sababu Baba hasemi.

Baba alikuwa fundi bomba miaka arobaini. Mabomba ya nyumba hii aliyafunga mwenyewe, ya shaba, kabla sijazaliwa. Mama anamwita Fundi, naye anamwita Mama bibi harusi, na huko kuitana hawajakuacha hata sasa ambapo Mama anatumia nusu dakika kulitoa neno moja.

Machi 9

Leo nimeona kitu ambacho nadhani kimekuwepo siku nyingi, ila sikutaka kukiona.

Nilichelewa kwenda dukani kwa sababu ya mvua. Nikiwa mlangoni nikamwona Baba anavuka na beseni. Ua ulikuwa matope matupu, nikawa nasema moyoni, ateleze sasa tuone. Ndivyo nilivyosema, nikiwa nimekasirika kwamba hataki kusaidiwa, na naliandika hili ili linisute. Baba hakuteleza. Alifika salama mpaka kitandani, mlango ukiwa bado wazi. Alipoinama kuliweka beseni kwenye kigoda, mkono wake wa kulia ukaanza kutikisika wenyewe, beseni likapinduka, maji yote yakamwagikia goti la Mama.

Mama hakupiga kelele, maana lilikuwa goti la kushoto, lile lisilohisi vizuri. Aliyepiga kelele ni Baba. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwake. Nilikimbia nikammwagia Mama maji baridi, tena na tena. Goti limekuwa jekundu, na pembeni pana lengelenge la ukubwa wa kifungo cha koti. Muuguzi wa zahanati amekuja, ameliosha na kulifunga, akasema tumeponea chupuchupu.

"Si kitu, Fundi," Mama alisema. Alilisema mara mbili ili alimalize vizuri.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, suruali imelowa, mkono wa kulia ameuficha kwapani. Nilipomwambia, "Baba, mkono huu umeanza lini?" akaniambia niende kazini, wateja wananingoja.

Machi 10

Aliyempigia simu Dada ni mimi. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka mtu wa kuniambia kwamba si kosa langu.

Dada yangu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mji mwingine, safari ya saa tano kwa gari. Tunamwita Dada Mkuu, mbele yake na nyuma yake, naye hana habari kwamba ni utani. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kama mtu aliyekwisha kupanga siku nyingi.

"Shule zinafungwa tarehe kumi na saba mwezi wa nne. Tarehe kumi na nane nakuja na gari, namchukua Mama."

"Na Baba?"

"Kitinda, nina chumba kimoja tu. Na mlezi nimeshampata, mwanamke, atalala humohumo na Mama. Baba atabaki na wewe."

"Dada, hao watu hawajawahi kulala mbali mbali."

"Sasa unataka tusubiri ammwagie ya usoni?"

Hilo hata mimi nilikuwa nimelala nalo. Nilipogeuka nikamkuta Baba amesimama mlangoni na vikombe viwili mkononi, vitupu. Kwa namna alivyovishika nilijua amesikia yote.

Machi 12

Baba ametoa mabomba ya shaba kutoka chini ya kitanda. Yalikuwa yamefungwa kwa magazeti ya zamani, mapande marefu matatu na mafupi mengi, na boksi la kona na viungo. Mama alikuwa akitazama kazi yote ile ikitoka chini yake, akacheka upande mmoja wa mdomo.

Amechora kwa chaki ukutani. Bomba litatoka kwenye tangi la maji ya moto bafuni, litapita chini ya paa la kibaraza kuzunguka ua, litoboe ukuta na kuingia chumbani, mpaka kwenye sinki dogo kando ya kitanda. "Maji yatamfuata mwenyewe alipo," alisema. "Sitabeba kitu. Nitafungua koki tu. Huyo dada yako akija atakuta maji yanatiririka, atakosa la kusema."

Nikamwambia tumwite yule fundi wa pale njia panda, siku mbili anamaliza. Nilikosea sana kumtaja.

"Yule wa plastiki na gundi? Maji ya moto na gundi yake hiyo ni ndoa ya miezi sita."

Ndoa yangu ilidumu miaka minne. Baadaye alikumbuka alichosema, akanipa embe lake lote. Hakuomba radhi, na sikutegemea.

Machi 15

Jumapili. Nitaandika kirefu, mvua imenifungia ndani na moyo umejaa.

Nilikuwa namlisha Mama nikasikia harufu ya mbao inayoungua. Nikatoka mbio. Baba alikuwa juu ya ngazi fupi pale kibarazani, kichomeo cha gesi mkono wa kulia, waya wa lehemu mkono wa kushoto. Mwali ulikuwa unazunguka kila mahali isipokuwa kwenye kiungio. Ubao wa paa juu yake ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi na kutoa moshi. Yeye haoni, macho yake yako kwenye bomba tu, amekaza meno, anaufukuza mkono wake mwenyewe.

"Baba, zima!"

Hakuzima. Nilipanda ngazi nyuma yake nikaufikia mkono nikazungusha ile swichi. Nikaupiga ubao kwa kanga yangu mbichi mpaka moshi ukaisha. Tukabaki tumesimama kwenye ngazi moja, mimi nimemkumbatia kwa nyuma bila kukusudia, na nikausikia ule mtetemo mwili mzima. Haukuwa mkono peke yake.

Alishuka. Akakaa kwenye gunia la saruji.

"Umeanza mwaka juzi," alisema. "Kidole kimoja kwanza. Nikadhani ni baridi."

"Mama anajua?"

"Mama yako ndiye aliyenionyesha. Mimi nilikuwa sijaona." Akautazama mkono kama anavyotazama koki isiyofunga. "Daktari kanipa vidonge. Vinasaidia asubuhi kidogo, halafu basi."

Nikamwambia kwamba tuna mwezi mmoja na siku tatu. Akasema anajua. Nikasema fundi wa njia panda anaweza kufunga shaba pia, akilipwa na kusimamiwa. Akatikisa kichwa. Halafu akanishika mikono yote miwili akaigeuza viganja juu, akaikagua.

"Hii mikono inatunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

"Hata umeme ukikatika?"

"Baba, unataka nini?"

Akaniwekea kichomeo mapajani. "Mimi nitasema, wewe utafanya. Lakini kitu kimoja, Kitinda. Mtu akiuliza, kazi kafanya baba yako. Mtu yeyote, hata dada yako. Hata mama yako usimwambie."

Nilikubali. Ningekubali lolote jioni ile.

Machi 17

Somo la kwanza. Kukata bomba, kuondoa makali ya ndani, kusugua kwa msasa mpaka shaba ing'ae, kupaka dawa ya kushikisha lehemu, kuchomeka. Nimefanya hayo kwa saa mbili. Moto sijagusa. Baba anasema ninasugua kama mtu anayeogopa kuamsha watoto.

Machi 18

Somo la pili. Nimeuchoma waya badala ya bomba. Lehemu imedondoka matone matone chini, na moja limeingia kwenye kiatu changu.

"Usiupe moto waya," Baba alisema. "Lipe moto bomba. Bomba likikubali, waya wenyewe utaingia."

"Nitajuaje limekubali?"

"Ile dawa itachemka, itatulia, itang'aa. Hapo gusa waya upande wa pili, ule usio na moto. Ukisukumwa, bado. Ukinyonywa, tayari."

Machi 19

Ukasukumwa.

Machi 20

Ukasukumwa.

Machi 21

Ukanyonywa! Nimeona kwa macho yangu. Waya uligusa shaba ukayeyuka, ukazama ndani ya kiungio kuzunguka pande zote, hata upande ambao sikuufikia, ukaacha pete nyembamba ya fedha. Nilipiga kelele. Mama akauliza chumbani kuna nini, Baba akajibu, "Nimefunga kimoja, bibi harusi." Nikazima kichomeo.

Halafu likaja kosa langu. Baba alikuwa amesema kiungio kikishajaa, kifutwe papo hapo kwa kitambaa. Nikachomoa kipande kwenye mfuko wangu wa vipande vya dukani. Mimi, fundi cherehani, ninayejua kitambaa kwa kukigusa nikiwa nimefumba macho, nikafuta shaba inayowaka kwa kipande cha nailoni cha gauni la mpambe wa bibi harusi. Kikayeyuka palepale. Kimeganda kwenye kiungio, cha rangi ya waridi, na kingine kwenye kidole changu cha shahada.

Baba alinitumbukiza kidole kwenye maji, akakishikilia humo kwa mikono yake miwili inayotetemeka, akacheka mpaka akakohoa. Mwisho nami nikacheka. Ni muda mrefu hatujacheka pamoja, mimi na yeye. Kiungio kimebidi kukatwa.

Machi 24

Viungio viwili vizuri. Vyote vinatakiwa kumi na moja. Nafutia pamba tupu sasa, nimeosha mifuko miwili ya shati la Baba kuukuu.

Machi 28

Vitano. Jirani yetu ambaye hununua mapazia kila mwaka, tunamwita Mama Mapazia, amechungulia juu ya ukuta akaliona bomba linavyong'aa chini ya paa.

"Mzee bado yumo! Angalia kazi hiyo! Hawa vijana wa sasa wangeweza?"

"Hawawezi," Baba akasema. "Hii kazi inataka mkono."

Nilikuwa nimesimama palepale, uso umepakaa masizi, nimeshika kichomeo. Mama Mapazia akanisifu kwamba ni mtoto mzuri ninayemshikia baba yangu vyombo.

Nimekasirika kiasi kwamba leo sikula nao. Aliniomba nimstiri, sawa, namstiri. Lakini lazima aongeze chumvi? Kiungio cha kwenye kona ya ukuta nimekifanya mara tatu, nimeungua nyusi, halafu kazi inataka mkono! Mkono wa nani? Nitamaliza kwa sababu ya Mama. Kwa ajili ya Baba nisingefunga hata bomba la kumwagilia mchicha.

Machi 29

Mvua. Sijamsemesha.

Machi 30

Mvua. Nimemsemesha kwa sababu chumvi alikuwa nayo yeye.

Aprili 2

Umeme ulikatika dukani saa sita nikarudi mapema. Lango lilikuwa wazi, hawakunisikia. Baba alikuwa kibarazani chini ya bomba, anatembea pole pole, kila akifika kwenye kiungio anakizungushia kidole gumba kote, hasa upande wa nyuma ambako fundi mvivu huwa hafiki. Dirisha la chumba lilikuwa wazi, na alikuwa akimweleza Mama.

"Hiki cha kona ndicho nilichodhani kitamshinda. Njoo uone kilivyojaa. Basi, utakiona siku moja. Mimi nilichukua miaka miwili kufunga kona kama hii, na bosi wangu alikuwa ananipiga kofi. Huyu wiki mbili. Bibi harusi, huyu mtoto ana mkono ambao sijauona tangu nianze kazi."

Mama akasema kitu ambacho sikukisikia.

"Siwezi," Baba akamjibu. "Nikimwambia yeye, nitakuwa nimejiambia mimi."

Kwa hiyo Mama anajua. Amejua tangu siku ya kwanza, bila shaka. Nilirudi nje nikasimama kwenye mvua, nikahesabu mpaka mia, nikaingia kwa kelele. Baba akaniuliza mbona macho mekundu. Nikasema moshi. Nimetoka dukani, moshi umetoka wapi? Hakuuliza zaidi.

Nampenda sana baba yangu. Naandika hivi kwa sababu sina namna ya kumwambia bila kulitaja lile aliloniomba nisilitaje.

Aprili 6

Vinane. Ukuta wa chumba umetobolewa, Mama amekula vumbi na saruji, anasema anajisikia yuko kwenye ujenzi.

Aprili 11

Kumi! Kimebaki kimoja, kile cha bafuni, pale bomba jipya linapokutana na la zamani kutoka kwenye tangi. Nilikuwa nimeshawasha kichomeo Baba akaweka mkono mbele yangu.

"Hicho ni changu."

Nikazima.

Aprili 12

"Leo mkono haufai. Kesho."

Aprili 13

"Kesho."

Aprili 14

Alikaa mbele ya kile kiungio saa nzima baada ya kumeza vidonge vyake, kichomeo hakijawashwa. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nilitaka kusema, Baba, zimebaki siku nne. Anajua, na siku anazihesabu kuliko mimi. Tukatoka.

Aprili 16

Amejaribu. Sitaandika kilichotokea, nitaandika tu kwamba hakuna aliyeungua. Jioni alimlisha Mama kwa mkono wa kushoto, na nusu ya uji uliishia kwenye kanga, na Mama alimeza kila kijiko kilichofika kwa heshima zote.

Aprili 18

Dada Mkuu alifika saa tano. Alikuwa amelaza kiti cha nyuma cha gari, ameweka mito miwili na blanketi jipya. Alimbusu Mama, akamshika Baba mkono akaushikilia muda mrefu. Nilijua anaupima.

Baba alimzungusha kumwonyesha bomba. Dada alifuata nyuma, mikono mgongoni, kama anavyokagua madarasa. Chumbani akaiona koki na sinki kando ya kitanda. Akaifungua. Hakuna kilichotoka.

"Kimebaki kiungio kimoja tu," Baba alisema.

"Nani kafunga hivi vingine?"

Hakumuuliza Baba, aliniuliza mimi. Nikatazama sakafu. "Baba," nikasema.

Dada akakaa kitandani. Sauti yake ikawa ya chini kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Baba, nisikilize. Nakupenda, na wala sikuja kukuvunjia heshima. Lakini hili ni bomba la maji ya moto, limepita karibu na kichwa cha mtu asiyeweza kukimbia. Na limefungwa na mkono uleule uliopindua beseni. Mimi nitalalaje usingizi huko kwangu?"

Kwa aliyoyajua alikuwa sahihi. Uwongo wetu ndio uliokuwa unamwondoa Mama. Nilimtazama Baba aniruhusu, lakini alikuwa amegeukia dirishani.

Dada akasimama akaanza kukunja nguo za Mama na kuziweka kwenye begi. Mama akasema, "Siendi."

"Ni kwa muda tu, Mama."

"Si-endi."

Dada alikuwa anakunja huku analia, machozi yanadondokea gauni la bluu ambalo nilimshonea Mama mimi mwenyewe. Sikumchukia hata kidogo. Wiki zote hizi nilikuwa nimemfanya adui kichwani mwangu, kumbe ni mtu mwenye hofu aliyekaa mbali.

"Si vyangu," Baba akasema.

Dada akaacha kukunja. "Nini si vyako?"

Baba akageuka. Akautoa mkono wa kulia kwapani akaunyoosha mbele yetu, wazi, ukatikisika jinsi ulivyotaka, na hakuuzuia. "Mkono wangu umekwisha, mwanangu. Sijafunga hata kimoja. Mimi niliunguza ubao wa paa tu. Viungio kumi vyote kafunga mdogo wako, nami nilimwapisha asiseme, kwa ajili ya sifa." Akaelekeza kidole upande wa bafuni. "Na hicho cha mwisho kingeshakuwa tayari wiki nzima iliyopita. Nilikizuia mimi."

Dada aliniangalia, akamwangalia yeye. "Baba, usije ukawa unasema hivi ili nimwache Mama."

"Twende bafuni," Baba alisema. "Kitinda, chukua kichomeo."

Tukaenda wote watatu. Nilisugua, nikapaka dawa, nikachomeka, nikawasha. Vidole vyangu havijawahi kuwa baridi kiasi kile mbele ya moto. Dawa ikachemka. Nikagusa waya. Ukasukumwa. Nikaongeza moto, nikahesabu, nikagusa tena. Ukasukumwa. Ndani ya bomba kulikuwa na sauti ndogo ya tsss, tsss. Nilisikia Dada akivuta pumzi nyuma yangu.

"Zima," Baba akasema, wala hakuwa na wasiwasi. "Koki ya tangi ni ya zamani, inadondosha. Kuna maji humo, yanakula moto wako wote. Mkubwa, umekuja na mkate?"

"Baba, njaa sasa hivi?"

"Mkate mweupe. Toa ganda."

Dada alienda garini akarudi na mkate wa safari. Baba akanielekeza nichomoe bomba, nifinyange donge la mkate, nilisukume ndani ya bomba la zamani kwa nyuma ya kijiko, lisimame mbali kidogo na kiungio likinywa yale matone. "Haraka, halitakaa mchana kutwa." Nikachomeka upya. Nikawasha. Mwali ukakaa, dawa ikachemka, ikatulia, ikang'aa. Nilipogusa waya sikuhitaji hata kuangalia. Nilisikia mkononi jinsi bomba lilivyoupokea. Nikafuta kwa pamba.

Baba alisubiri kipoe. Halafu akakizungushia kidole gumba kote, mpaka nyuma. Kidole kilikaa hapo nyuma muda mrefu.

"Sina cha kuongeza hapa," alisema, akinitazama mimi. "Ungekuwa umenikuta kijana, ningekuomba unifundishe."

Mwezi mzima nilikuwa nangoja nisikie hivyo, na nilipoambiwa nilikuwa na pua inayochuruzika na sikuwa na kitambaa ambacho si cheusi.

Alifungua maji yeye mwenyewe. Tulikimbilia chumbani. Koki ilikohoa, ikatema upepo, halafu ikatema makombo ya mkate, mengi, mpaka Mama akauliza kama sasa tunaletewa na chai. Kisha yakaja maji, baridi, vuguvugu, ya moto. Dada hakuyatazama. Alichukua karatasi laini, akapanda ngazi, akakipangusa kiungio kimoja baada ya kingine kuzunguka ua wote, karatasi mpya kila kiungio kuona kama kinavuja, mvua ikimpiga kwa upande. Aliporudi nywele zilikuwa zimelowa chapachapa.

"Kumi na moja kwa kumi na moja," alisema, kwa sauti yake ya kusahihisha mitihani. Kisha akalifungua begi akaanza kurudisha nguo za Mama kabatini.

Aprili 19

Nimeamka nikamkuta Dada Mkuu jikoni, anakoroga chai ambayo hajaitia sukari. Akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze. Chumba cha Mama kimepakana na jiko.

Tukasikia mlango unafungwa. Tukasikia koki inafunguliwa na maji yanajaa kwenye sinki, halafu kitambaa kinakamuliwa, taratibu, kwa mkono usio na haraka ya kufika popote. Baba akauliza, "Ya moto sana, bibi harusi?"

Dada akanishika mkono. Tulijua Mama analitafuta neno, na Baba alikuwa anamsubiri bila kumharakisha.

"Ongeza," Mama akasema.

Tukasikia koki inafunguliwa tena.